Mafuta ya Watoto

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba yetu ya Buswelu ilinuka samli kuanzia mlangoni, na mimi nilinuka kuliko nyumba. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mtengenezaji wa mafuta ya kupaka. Alitikisa maziwa mgando kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge, akaichemsha taratibu pamoja na utomvu wa mshubiri na maganda ya limau, kisha akachuja. Wanawake wa mtaa waliyaita mafuta ya watoto, maana waliwapaka vichanga wao, wakang'aa kweli.

Alipikia moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. "Moto wa kuni una haraka," alisema, "utaniunguzia." Moshi wake uliyafanya macho yake yawe mekundu mwaka mzima. Kwetu Usukumani, bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kosa lingine. Neno "mchawi" likitamkwa mara moja linatosha, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo tu. Nililijua hata kwa umri ule, ndiyo maana siwezi kujitetea.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Madukani Mkuyuni kulijaa losheni za kutoka nje, na Neema, niliyekaa naye dawati moja, alinukia duka zima. Siku moja akaziba pua mbele ya darasa.

"Wewe, unapaka nini?"

"Mafuta ya watoto," nikajibu. "Anapika bibi."

Neema akaachia pua. "Anapika watoto?"

Darasa zima likanigeukia. Ningecheka tu, nikasema, "Acha ujinga, ni ya kuwapaka watoto," mambo yangeishia pale. Lakini kwa mara ya kwanza hakuna aliyenicheka. Walinitazama kwa woga, na mimi, mjinga mkubwa, nikaona utamu.

"Msimwambie mtu," nikanong'ona.

Wakamwambia kila mtu. Kesho yake nilipewa nafasi kubwa kwenye dawati na hata kalamu niliazimwa bila kuomba. Wiki haikwisha, mtoto wa jirani mmoja, aliyekuwa akipakwa mafuta yetu, akashikwa na degedege. Alipona, lakini nani alijali kwamba amepona? Wanawake wakaacha kuja. Bibi, aliyezoea kuitikia marahaba mpaka anachoka, akawa anapita mtaani hasikii shikamoo hata moja. Mama yake Neema akimwona alimvuta mwanawe upande wa pili wa njia.

Asubuhi moja tukakuta kibuyu chake kimepasuliwa mlangoni. Baba aliokota vipande, kisha akamwambia mama afungashe nguo za Bibi. Angempeleka Sengerema kwa shangazi kabla waliokipasua hawajarudi na kitu kingine. Nilisimama pale pale. Ningefungua mdomo, angalau baba angejua moto umeanzia wapi. Niliogopa fimbo. Naona aibu kuliandika: bibi yangu alikuwa anakimbia kuokoa roho yake, mimi nafikiria fimbo.

Kabla ya kwenda kupanda kivuko aliniita anipake mafuta yaliyobaki.

"Ng'wanawane," akasema, maana kwa Kisukuma ndivyo alivyoniita, mwanangu, "huko shuleni hujasikia wanalonisema?"

"Sijasikia, Bibi."

"Haya. Ukisikia, usiumie. Geuka nikupake mgongo."

Nikageuka. Nilishukuru kwamba hakuona uso wangu.

Aliishi Sengerema miaka miwili, akafia huko. Shangazi anasema hakutengeneza mafuta tena, hata alipoletewa siagi, na akisikia watoto wa jirani wanacheza nje alikuwa akiingia ndani ili wasimwone.

Siku hizi nami natengeneza mafuta ya mshubiri jikoni kwangu, na wenzangu wa kazini wanayasifia. Wakiniuliza nani alinifundisha, nasema nilijifunza mwenyewe. Bado naogopa swali litakalofuata.

Kwa muda mrefu niliwalaumu majirani wale kwa imani zao. Niliwaita washamba, hata mbele ya wanangu. Lakini mama yake Neema aliogopa kwelikweli. Alimvuta mwanawe kwa sababu alimpenda. Wote mtaani waliamini. Mimi sikuamini hata siku moja, na nikanyamaza.