Mashine Iliyokatwa Kila Saa Saba

Niliporudi kutoka India na diploma yangu ya kompyuta, watu wa kwetu Ruiru walisema nimeenda mbali sana kuleta karatasi ndogo. Wengine waliuliza kwa nini si digrii. Niliwajibu na bado nawajibu: diploma ile hakuna aliyenilipia. Nilibeba magunia katika kiwanda cha Thika miaka minne, nikalala Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, katika chumba kimoja na wanaume watatu, na huko ng'ambo nilisugua sufuria za hoteli ya watu ili nipate karo. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa jina langu. Kwa hiyo nikisema kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini, kati ya Thika na Ruiru, hakukuwa na mtu aliyeijua kompyuta kunishinda, sijisifu. Nasimulia tu hali ilivyokuwa.

Siku za kazi nilifundisha katika chuo kidogo cha Thika, ghorofani juu ya duka la magodoro. Jumamosi nilitengeneza mashine za watu. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Ruiru mwenye ofisi ya kuchapa. Alichapa barua, programu za mazishi, na hasa mitihani ya shule za msingi. Alikuwa mtu wa sheria. Viatu uliviacha mlangoni ili vumbi jekundu lisiingie kwenye mashine. Kompyuta zilifunikwa kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Na ukutani, juu ya swichi kubwa, palibandikwa ilani: ZIMA UKUTANI SAA SABA NA SAA KUMI NA MOJA BILA KUKOSA.

Ilani hiyo niliiandika mimi. Chini yake niliweka sahihi, na chini ya sahihi nikaandika diploma yangu kwa ukamilifu. Stima ya miaka ile ilikuwa ikipotea ghafla, na ikirudi ilirudi na nguvu za kuchoma vitu. Chuoni sote tulikuwa tumeenda kula, tukarudi tukakuta mashine mbili zikitoa moshi. Tangu siku hiyo kila mteja wangu aliagizwa: ukiondoka kwenye kiti, kata moto ukutani.

Mchapaji wa ofisi ile alikuwa mama wa watoto wawili, mtu wa upande wa Kakamega, na alikaa Kiandutu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, na hilo silisemi kwa urahisi.

Mwaka huo mwenye ofisi alinunua mashine mpya yenye modemu, ya kwanza katika jengo lile kuingia kwenye intaneti kwa waya wa simu. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hatukukiagiza. Kila ilipounganishwa na simu, ilijivutia vipande vya mfumo mpya kutoka ng'ambo, kisha, ikiambiwa ifunge, ikajaribu kujibadilisha yenyewe kabla ya kulala. Leo kila mtoto anakijua kitu hicho. Wakati ule hatukujua kwamba mashine inaweza kuamua jambo bila kumuuliza mwenyewe.

Kwanza ikaanza kuchelewa. Asubuhi ulimaliza kikombe cha chai na vipande viwili vya mkate kabla haijaamka. Ukigusa herufi, herufi ilijitokeza baada ya muda, kama mtu anayeitwa akiwa mbali. Kisha Alhamisi moja ikakataa kabisa. Kioo kikawa cha bluu, maandishi meupe juu yake, basi. Mitihani ya shule nzima ilikuwa ndani.

Wiki hiyo nilikuwa nasimamia wanafunzi wangu kwenye mtihani, sikuweza kutoka. Mwenye ofisi akaita fundi kutoka Nairobi. Nilisikia habari zake Ijumaa jioni, mchapaji alipokuja chuoni akiwa njiani kwenda nyumbani.

"Mwalimu, mimi nimefutwa kazi," aliniambia, hata kabla ya salamu.

"Umefutwa na nani?"

"Na mashine." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Kuna injinia amekuja, wa tai. Hata viatu hakutoa. Amekaa dakika kumi, akamwambia madam kwamba mimi nimebonyeza kitu nikaogopa kusema. Eti watu wa kuchapa ndio tabia yao. Na mwalimu mkuu wa ile shule ya mitihani alikuwa amekaa hapo, anasikia yote. Kesho saa nane nirudishe ufunguo."

"Na ulibonyeza?"

Aliniangalia juu na chini. "Mwalimu, mimi nabonyeza kutoka asubuhi mpaka jioni. Ndiyo kazi. Lakini cha kuharibu sijabonyeza. Sasa wewe na hiyo diploma ya kuvuka bahari, si uende uangalie?"

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa Ruiru. Mchapaji alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, ufunguo mkononi, kama mgeni katika ofisi aliyoifungua yeye kila asubuhi kwa miaka mitatu.

"Injinia wa Thika, umechelewa," mwenye ofisi alisema. "Yule wa Nairobi amesema tufute kila kitu, tuanze upya."

"Na mitihani iliyo ndani?"

"Itachapwa tena. Na mtu mwingine."

"Mama, mimi sifuti."

"Haiya! Wewe ni nani wa kukataa kwangu?"

"Mimi ndiye niliyesomea mashine. Yule alisomea tai."

Mwenye ofisi alikuwa ameanza kama karani wa shamba la kahawa na kupanda mwenyewe mpaka ofisi yake, kwa hiyo kiburi alikijua akikiona, na nadhani hakukichukia. "Una mpaka saa nane," alisema. "Ikifika saa nane, ufunguo uko hapa mezani."

Niliiwasha mashine kwa disketi yangu, ile niliyotembea nayo mfukoni, nikapita nyuma ya kile kioo cha bluu hadi kwenye kioo cheusi ambapo unaandika amri kwa mkono. Yule wa Nairobi hakufika huko. Kitu cha kwanza, nikaitoa mitihani, disketi baada ya disketi, mpaka yote ikawa nje. Kisha nikatafuta kilichoiua mashine.

Mashine za aina ile zilikuwa na tabia moja nzuri: ziliweka orodha ya mambo yao. Siku, saa, kilichoanza, kilichokwisha. Nikaifungua. Kuanza kulikuwa kwingi. Kumaliza hakukuwapo hata mara moja. Mfumo mpya ulianza kujipanga, ukakatika saa saba na dakika mbili. Ukaanza tena, ukakatika saa kumi na moja na dakika tatu. Kesho yake, saa saba na dakika moja. Wiki tatu hivyo hivyo, kila jaribio likianza juu ya mabaki ya lililopita, mpaka mashine haikuwa ya zamani wala mpya.

Wazo langu la kwanza lilikuwa stima. Lakini stima ya Ruiru haikuwahi kupotea kwa kufuata saa.

Sikuhitaji kugeuka kuutazama ukuta. Nilijua nilichoandika pale, na kwa herufi gani.

Nitasema ukweli, maana ninaumudu: ningeweza kunyamaza. Ningeitengeneza, nikasema ni virusi, na kila mtu angeniamini. Wakati ule neno virusi lilifunga mjadala wowote. Lakini virusi huletwa na mtu, na mtu huyo angekuwa yule aliyeketi kwenye benchi. Nilikaa na jambo hilo huku nikiipanga mashine imalize kazi yake mara moja, kuanzia mwanzo. Ilipofika saa sita na nusu, kioo kilikuwa kinaonyesha mstari unaojaa polepole, na juu yake onyo kwa Kiingereza kwamba isizimwe.

Saa saba kamili mwenye ofisi aliinuka kwenda kula. Alichukua mkoba, akapita nyuma yangu akilalamika juu ya bei ya nyama, na mkono wake ukaenda kwenye swichi kubwa bila yeye kuutuma.

"Mama! Usiguse!"

Akaganda. "Unanipigia kelele ofisini mwangu?"

"Ni saa saba."

"Najua ni saa saba, ndiyo maana nazima. Si wewe uliandika?"

Mchapaji alianza kucheka. Alianza taratibu, mkono mdomoni, kisha akashindwa.

Nikasimama. "Mama, mashine hii imekuwa ikijibadilisha yenyewe, na sisi tumeikata katikati kila saa saba na kila saa kumi na moja. Inaambiwa ifunge, inaanza kazi, inakatwa moto. Hiyo ndiyo imeiua. Huyu hajabonyeza chochote. Amefuata ilani, na ilani ni yangu."

"Ngai! Kwa hivyo diploma ndiyo imeharibu."

"Diploma ndiyo imegundua pia."

"Imegundua mimi nikiwa nimefutwa," mchapaji alisema kutoka kwenye benchi.

Nilimwomba radhi, na nilimwomba kwa sauti. Kwa ilani sikuomba radhi, wala leo siombi. Ilani ile iliokoa mashine ambazo stima ingezichoma. Aliyeandika mfumo wa kujibadilisha wenyewe aliwaandikia watu ambao stima yao haizimiki, ambao swichi ya ukutani hawaijui ilipo. Hakuna aliyetuuliza sisi wa Ruiru tunaishi vipi. Halafu mambo yakiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni mwanamke anayechapa.

Hakuna aliyekwenda kula. Tulikaa watatu tukiutazama ule mstari. Mara moja taa iliyo juu yetu ilififia, na mwenye ofisi, ambaye sikuwahi kumwona akisali, akafumba macho. Taa ikarudi. Saa nane ikafika mstari haujajaa. Mchapaji aliinuka, akaweka ufunguo mezani kama alivyoagizwa, akarudi kuketi.

Dakika ishirini baadaye mashine ilijizima, ikajiwasha, na ikafunguka kwa wepesi wa siku ilipotoka dukani. Nikakifunga kile kitu cha kujiamulia. Tangu hapo ingebadilika siku ambayo mwenyewe ameitaka ibadilike. Kisha nikaibandua ilani ukutani kwa kucha zangu.

"Chukua ufunguo," mwenye ofisi alimwambia mchapaji. "Jumatatu usichelewe."

"Sijawahi kuchelewa, madam."

"Basi chukua."

Hakuchukua. "Yule injinia alisema nimeharibu, mwalimu mkuu akisikia. Leo saa tisa anakuja kuchukua mitihani. Nitachukua akishasikia na hii."

Nilidhani atafukuzwa mara ya pili. Mwenye ofisi akaenda kuweka karatasi kwenye printa. Tulichapa mitihani, ufunguo ukiwa pale mezani katikati yetu.

Mwalimu mkuu alifika saa tisa na robo. Alikuwa bado ameinama mlangoni akivua viatu mwenye ofisi alipomwambia, "Mwalimu, ile mashine haikuharibiwa na huyu mama. Iliharibiwa na huyu hapa," akaninyooshea kidole.

Mwalimu mkuu akaniangalia, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa na watoto wawili wa dada yake katika darasa langu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Ni mimi niliyeiharibu. Na ni mimi niliyeitengeneza."

Mchapaji akachukua ufunguo, akautia mfukoni, akaniambia nimpishe kwenye kiti chake.