Ngazi Niliyoondoka Nayo

Nina kinyongo, na sikifichi. Kuna watu wanaosamehe kabla jua halijatua. Mimi simo, na yule mwenye ghala anaweza kuwa shahidi.

Tuliishi miaka saba juu ya ghala la zamani la tumbaku, mwisho wa mji wa Arua, kwenye njia ya kwenda Koboko. Chini nilikuwa na karakana yangu ya kuchomelea milango na madirisha. Juu palikuwa ukumbi mmoja mrefu usio na ukuta wa kati, bati juu, mbao chini, na harufu ya tumbaku isiyotoka hata ukipiga deki kila siku. Mchana bati lilitupika. Lakini nafasi! Mama, niliyemtoa Koboko magoti yalipomchosha, alitembea kutoka dirisha hadi dirisha na tasbihi yake, akisema humo mtu angeweza kufuga ng'ombe.

Tulipoingia hapakuwa na ngazi ya maana, ila ya miti iliyoachwa na wapakizi. Nikamtengenezea mama ya chuma. Nilipanga matofali uani, nikamwambia apande. Matofali mawili, akashika goti. Tofali moja na ubao juu yake, akapanda bila kushika kitu. Basi kila kidato nikakipa kimo hicho, na kwa kuwa vidato vilikuwa vifupi, ngazi ikawa ndefu mno, ikanyooka mpaka katikati ya uwanja. Mafundi wenzangu walinicheka, wakaniuliza kama najenga barabara. Waache wacheke. Mama alishuka mwenyewe kila asubuhi kwenda kwa kina mama wenzake, Ijumaa akaenda msikitini, na akarudi bila kumwita mtu.

Arua ilipofanywa jiji, mwenye ghala naye akajiona mtu wa jiji. Alitaka huko juu pawe ukumbi wa harusi. Haki yake, ghala ni lake. Kosa lake ni namna alivyolisema. Alikuja wateja wangu wamesimama, akaipiga teke ngazi ya mama.

"Mwezi moja, fundi. Na hii chuma yako inakula kiwanja yangu. Kitu yote ulikuja nayo, beba. Sitaki kuona hata musumari yako."

Mama alikuwa juu mlangoni, akasikia yote, akarudi ndani polepole. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kulipiza. Kwa mdomo nilisema tu, "Sawa, mzee," nikarudi kwenye kazi yangu.

Siku ya kuhama alikuja na watu wawili waliotaka kukodi ukumbi, akapanda nao. Nati za ngazi nilikuwa nimezipaka mafuta tangu jana yake. Yeye akiwa juu anawaonyesha pa kukaa bibi harusi, mimi na mafundi wenzangu wawili tukafungua, tukateremsha kwa mnyororo vipande viwili, tukavisukuma kwenye lori.

"Fundi! Fundi, ngazi iko wapi?"

"Iko kwa lori, mzee. Si ulisema nibebe?"

Nikamwegemezea ile ya miti. Akawatangulia wageni wake, akashuka kinyumenyume, suti imempanda mgongoni, miguu ikipapasa kila kijiti, na vijana wa bodaboda barabarani wakampigia honi mpaka akafika chini. Roho yangu ilitulia kabisa. Usinidai haya, sina.

Mama hakuyaona hayo. Asubuhi ile tulikuwa tumeshampeleka kwenye nyumba mpya: vyumba viwili vidogo, ghorofa ya tatu, karibu na soko, kwa sababu vyumba vya chini kila mahali ni maduka. Kitanda chake kiliingia, kabati likabaki nje koridoni. Ngazi za huko ni za saruji, vidato virefu. Tulimpandisha amekaa kwenye kiti, macho kafumba njia nzima.

"Nitashuka namna gani?" akauliza.

"Wiki mbili tu, Mama. Natafuta ya chini."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Kina mama wenzake walikuja mara moja, wakafika wanahema, hawakurudi tena. Ijumaa alisikiliza adhana akiwa kitandani. Mimi nilitafuta chumba cha chini, kweli nilitafuta, na kila nilipokosa nilimlaani yule mtu upya.

Kisha mwenye ghala akaja mwenyewe. Alinikuta nyuma ya jengo letu jipya, nilikohamishia karakana, ngazi ikiwa imelala kwenye nyasi. Fundi mwingine alikuwa amemjengea ya kwake, imesimama wima, na wazee wa maharusi walikuwa wakiiangalia na kugeuza njia. Safari hii alisimama mbali kidogo na chuma changu.

"Nilikosa, fundi. Rudisha ngazi. Kule chini nimekata chumba, iko na mulango kwa barabara. Mama yako akae. Hatapanda kitu."

Angekuja na kiburi, pengine tungepatana. Lakini alikuja mnyonge, na unyonge wake ukanitia uchu. Nikaokota grainda. Nilikata kidato cha kwanza mbele yake, cheche zikimrukia viatuni, nikakata cha pili, cha tatu, na hata alipokwisha kuondoka sikuacha mpaka chuma chote kikawa vipande.

Nikapanda juu mbio, jasho linanitiririka, nikamhadithia mama kila kitu, pamoja na sauti ya yule mtu niliyoiiga vizuri. Nilingoja acheke.

"Hiyo chumba, mulango yake iko kwa barabara?"

"Ndiyo, Mama."

"Na musikiti iko pale karibu."

"Iko."

"Na wewe ulimujibu peke yako."

"Mama, yule mtu alipiga teke ngazi yako!"

"Alipiga ngazi. Hakupiga mimi. Na mimi ndiyo niko huku juu." Akavuta shuka miguuni. "Sogeza kiti kwa dirisha."

Nikakisogeza. Yule mtu bado namchukia, na sijioni nikiacha. Ila mbele ya mama siwezi tena kulitaja jina lake.