Povu na kilimi cha binti yangu

Mama mukwe wangu alikuwa amekwisha kupatana na mukata-kilimi wa Nyabiondo. Yule mutu anaingiza kisu kooni mwa mutoto, anakata ile nyama ndogo yenye kuning'inia huko nyuma, halafu anapewa kuku. Koo la binti yangu lilikuwa limevimba, hata uji ulikuwa unamushinda kumeza. Nikasema hakuna atakayemukata kabla labo ya hospitali haijasema. Mama mukwe akasema sawa, atatusindikiza. Haikuwa kwa upendo.

Laborantin, mupimaji wa labo, alipitisha pamba kooni mwa mutoto, akaipaka kwenye kisahani chenye chakula cha vidudu, kitu kama jeli nyekundu iliyochanganywa na damu. Kesho yake tukarudi. Vidoti vyeupe vilikuwa vimeota.

"Iko bakteria za namna mbili zenye kufanana kama mapacha," akatuambia. "Kwa macho unakosea. Tunaangalia enzime. Moja iko na enzime yenye kuvunja hii dawa ya kusafishia kidonda, inatoa povu. Ingine haina. Yenye haina povu, penisilini inaiua. Ya povu, mara mingi inakatala."

Sekondari nilisoma biochimie, ni kusema biolojia na kemia, mpaka diplome. Enzime tulizichora ubaoni, hatukuona hata moja.

Akachota kidoti, akakiweka juu ya kioo, akadondosha dawa. Povu.

Mama mukwe akasimama. "Njo hivyo. Twende kwa mukataji."

"Ngoja kwanza, Mama," laborantin akasema. "Nimekwangua mbali, nimechota na damu ya ile jeli. Damu nayo iko na ile enzime."

Kila mama aliyewahi kusafisha goti la mutoto ameona lile povu, dawa ikigusa damu.

"Umesikia, mwenye diplome?" mama mukwe akaniambia. "Anasema amekosea. Mukata-kilimi hakoseake."

"Atakosea namna gani, Mama? Anakata wote."

Laborantin akarudilia. Safari hii aligusa kidoti juu juu, na ncha ya kijiti. Tone likaanguka. Tukainama wote watatu, vichwa vinagusana. Hakuna kitu. Maji tu. Sijawahi kufurahia hivyo kitu ambacho hakikutokea.

Mutoto akachomwa sindano ya penisilini, akamutukana laborantin kwa Kihunde.

Siku alipomaliza sahani nzima ya sombe, majani ya muhogo, mama mukwe akatangaza kwa majirani kwamba kilimi kilisikia habari ya kisu, kikaogopa. Kuku wa kulipa mukataji nilimuchinja mimi mwenyewe. Mama mukwe alikula paja.