Mlango Usiokuwamo Kwenye Ramani

Mtu wa baladia alikuja asubuhi, kanzu yake imenyooka mpaka nikaona haya na vumbi la ukumbini. Baladia ndiyo manispaa kwa lugha yetu sisi wa Muscat, na bila ya karatasi yao nyumba haikuuzika. Mnunuzi wetu, baba mmoja wa Qurayyat mwenye watoto wengi na maneno machache, alitaka nyumba ikaguliwe ionekane inalingana na ramani, kwa sababu hakuwa tayari kurithi makosa ya watu. Nilimwona mkorofi. Baadaye nikaona kuwa ana haki, na hilo likaniudhi zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baba alishatangulia zamani, na mama naye tulikuwa tumemzika. Ndugu zangu wametawanyika nchi za watu, na kila aliyepiga simu aliuliza nyumba itauzwa lini. Hapana hata mmoja aliyeuliza mimi nitakwenda wapi. Sikuolewa, na kwetu asiyeolewa huchukuliwa kuwa hana mizigo, basi ahamishwe tu. Nilikuwa nimebaki peke yangu katika nyumba iliyojengwa kwa watu wengi, nikiacha redio inasema jikoni ili nisisikie jinsi ilivyo kimya.

Yule bwana alizunguka na ramani yake mkononi. Bafu aliloongeza baba bila ya ruhusa akaliandika. Banda la kuku akalicheka. Halafu akafika mwisho wa ua, kwenye ukuta wa mpaka, akasimama mbele ya mlango mdogo wa mbao.

"Huu unakwenda wapi?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Kwa jirani."

"Kwa nini?"

Utamweleza vipi mtu kama huyo? Mama yangu na jirani yetu walikulia Unguja, katika nyumba ambazo wanawake walikuwa na milango yao ya ndani, ya kupitiana bila ya kuvaa buibui na kutoka njiani. Walipohamia Muscat walipewa viwanja vilivyopeana mgongo, mbele ya nyumba yetu njia hii, mbele ya nyumba yake njia nyingine. Wakavumilia wiki chache. Kisha siku moja, waume zao wako kazini, wakamwita fundi akautoboa ukuta. Baba aliporudi alikuta mlango umeshatiwa bawaba. Akauliza ni kitu gani. Mama akamjibu, "Mlango." Baba, aliyemjua mkewe vizuri, akaomba chakula chake.

Tangu hapo hapana aliyebisha hodi. Nilipita pale tangu nikiwa mtoto, nikajifunulia masufuria ya jirani bila ya kuulizwa, na yeye nikamwita mama mkubwa. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeendelea kupita kila alasiri, ndara zinaburura, kuja kuonja nilichopika na kukitia kasoro. Kazini nilisema Kiarabu, dukani Kiarabu cha kuungaunga. Kiswahili changu chote kilikuwa kimebaki kwake, na machoni pake nilikuwa bado mtoto wa mtu.

Mtu wa baladia hakuwa mbaya. Alikunywa kahawa, akanisikiliza. Nikamwuliza kama haitoshi kutia kufuli.

"Mnunuzi ana mabinti," akasema, "na jirani ana watu wake. Utawaachia mlango watu wasiojuana?"

Nikamwongezea kahawa. Uzibwe kwa matofali, akasema, upigwe lipu pande zote mbili, kisha atarudi kutazama.

Nilipita mlango ule ule kwenda kumwambia mama mkubwa. Nilimkuta anachagua mchele kwenye sinia.

"Nna habari mbaya," nikasema.

"Nshazisikia. Bwana yule ana sauti ya muadhini."

"Wanataka uzibwe."

Akatupa chenga moja. "Nawazibe. Mamako hayupo, na wewe unahama. Nani atapita? Au mie niende na kanga yangu nikawashtue watu wa Qurayyat?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya fundi mama mkubwa alisimama upande wake na mimi wangu. Kila safu alimwambia imepinda, na fundi, Mhindi mpole asiyejua neno la Kiswahili, akamwitikia kwa kichwa na kuendelea. Matofali yalimfika mama mkubwa kifuani, yakamfika kidevuni. Mara nikawa natazama ukuta. Nilisikia ndara zake zikiondoka, na nikalia pale pale, fundi akijifanya anakoroga saruji.

Karatasi ilitoka, nyumba ikauzwa, mimi nikahamia fleti ndogo huko Ghubra. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kumwangalia mama mkubwa. Nilizunguka mpaka njia ya pili, nikasimama nimepotea. Nyumba zote nyeupe, zote na mageti ya chuma. Nilijua anapoweka chumvi na anapoficha zabibu, lakini nyumba yake kwa mbele sikuijua. Nikapiga kengele kwa kubahatisha. Akafungua mfanyakazi wa pale, Mkenya kwa lafudhi yake.

"Yule nyanya wa Zanzibar? Si hapa, dada. Jaribu hiyo geti ya kijani."

Geti la kijani lilifunguliwa na mke wa mwanawe. Alinijua, bila shaka, lakini aliyeingia kwa mlango wa mbele huketishwa majlisi, chumba cha wageni, ndiyo adabu. Akanipeleka huko, akaniletea halua, kahawa na ubani. Sikuwahi kukaa katika chumba kile. Kwangu nyumba ile ilikuwa ni jiko na kigoda.

Mama mkubwa akaingia. Alikuwa amevaa mtandio wake mzuri na kujitia udi, akaketi upande wa pili wa chumba.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Tukaulizana hali. Tukazungumza joto, na fleti yangu, na majirani nisiowajua. Niliona anataka kusema twende jikoni, na mimi nilitaka aseme, lakini mkwewe alikuwa anamimina kahawa na sote tulikuwa tumekaa vizuri mno. Iliniuma kuliko siku ya maziko ya mama, maana siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu.

Nilipoaga akanisindikiza mpaka getini.

"Utakuja lini tena?" akaniuliza.

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza swali hilo.