Hodi ya Kofia

Mimi mdomo wangu hauna breki, na wala sioni haja ya kulificha hilo. Mdogo wangu wa kike hasikii wala hasemi tangu alipougua homa kali utotoni, kwa hiyo miaka yote nimesema kwa niaba yetu sote wawili. Dukani nasema mimi, zahanati naeleza mimi, msibani natoa pole mbili. Shule hakupelekwa. Lugha yake ya mikono ni ya hapo hapo kijijini kwetu Kigombe. Aliitunga yeye na marehemu baba, sisi wengine na majirani tukaidakia njiani.

Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa zamani, naishi mjini, Chumbageni, nashona nguo. Mdogo wangu alibaki kwenye nyumba ya Kigombe, nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo nyuma. Baba alimpa nyumba ile akiwa hai na akili zake timamu, mwenyewe akahamia chumba cha uani. Hiba hiyo, mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba haikuandikwa popote. Arobaini ilipopita, ami, yaani mdogo wake baba, akasema yeye hajui hiba yoyote. Nyumba ni ya mirathi, iuzwe, kila mtu apate fungu lake. Na siku baba alipompa mdogo wangu nyumba hawakuwepo watu wengine, ni wao wawili tu. Asiposikilizwa yeye, hana pa kukaa.

Nilifungua kesi kwa hasira, nasema kweli. Na hata ami nikaacha kumwamkia.

Siku mdogo wangu alipoitwa kutoa ushahidi, wakili wa ami akasimama. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Akasema sheria inamruhusu shahidi asiyesema kutumia maandishi au ishara, mradi zieleweke. Huyu haandiki, na ishara zake si zile zinazofundishwa shuleni. Mahakama itaelewa nini?

"Mimi nazielewa!" nikaruka. "Niulizeni mimi!"

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. "Mama, kaa," akaniambia. "Wewe una maslahi katika shauri hili. Hapa huwezi kumsemea."

Nikakaa. Nilijua tumekwisha. Kama mimi sisemi, nani atasema?

Tuliporudi tarehe nyingine, hakimu akasoma uamuzi mdogo. Akasema nchi yetu imeridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na humo tumeahidi kwamba watu hao watafika mbele ya haki sawa na wengine, hata ikibidi mahakama ibadilishe taratibu zake. Wakili akasimama tena. Mheshimiwa, mkataba si sheria hapa mpaka Bunge liutungie sheria.

Nilidhani mama hakimu atakasirika. Akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, na sisemi kwamba mkataba unaifuta sheria yetu. Ninayoitumia ni sheria yetu hii hii. Inasema ishara zieleweke, haijasema zieleweke siku ya kwanza. Sheria ikisomeka kwa njia mbili, mimi nitaisoma kwa njia isiyoivunja ahadi yetu. Shahidi huyu hatutamwambia akajifunze lugha yetu kwanza. Tutajifunza yake."

Lo! Mimi mikataba ya Umoja wa Mataifa nilikuwa naiona kwenye taarifa ya habari tu. Wakubwa wanatia saini, wanapeana mikono, wanapigwa picha, na mimi naendelea kupiga pasi. Kumbe na mdogo wangu alikuwa amewekewa saini! Nililia pale pale kwenye benchi, na karani akanipa karatasi ya kufutia machozi.

Mahakama ikaleta mwalimu wa watoto viziwi. Akaenda Kigombe siku kadhaa kukaa na mdogo wangu na kujifunza ishara zake, akila naye, akienda naye kisimani. Mimi na ami tulipigwa marufuku kukanyaga huko. Sikuwahi kukaa siku nyingi hivyo bila kujua mdogo wangu anasema nini na nani, na iliniuma.

Basi mdogo wangu akasimama kizimbani, mikono ikaanza kwenda, na mwalimu akawa anamtafsiri kwa sauti: Baba alinipa ufunguo. Akachukua mkeka wake na sanduku lake, akapeleka uani. Tangu siku ile hakuingia kwangu bila hodi.

Wakili akatabasamu. "Hodi, kwa mtu asiyesikia?"

Mdogo wangu akaelewa swali hata kabla ya mwalimu kumaliza. Akajifanya anavua kofia kichwani, akanyoosha mkono kama mtu aliyesimama nje ya mlango, akaipitisha ndani na kuitikisa. Kisha akaeleza: baba alisimama kizingitini, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, akatikisa kofia mpaka mimi nimwone nimkaribishe. Watu wote wakafuata. Wanawake hutikisa kanga.

"Hakuna anayeingia tu?" hakimu akauliza.

Mdogo wangu akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu," mwalimu akasema. "Huyu huingia tu kama kwake."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kesi nimefungua mimi, nauli nimelipa mimi, na katika kijiji kizima anayeingia nyumba ya mtu bila hodi ni mimi!

Hakimu akasema tutakwenda kuiona nyumba yenyewe. Tukaenda wote. Mdogo wangu alitangulia kufungua, akaingia ndani. Ami naye ni mwepesi wa miguu, akatuacha nyuma na jua lile. Alipofika mlangoni akasimama. Akavua kofia, akaipitisha ndani, akaitikisa, akangoja.

Mdogo wangu akatokea, akamkaribisha kwa mkono. Hapo ndipo ami alipogeuka akamwona hakimu nyuma yake, kalamu mkononi, anamtazama. Wakili alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ami ni mzee, na uso wake na wa baba ni mmoja. Akavaa kofia yake polepole.

"Mkono umezoea, Mheshimiwa," akasema. "Basi, andika. Kaka alimpa. Nilijua."

"Shikamoo, ami," nikasema.

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Nyumba ni ya mdogo wangu, na sasa imeandikwa. Namshukuru mama yule hakimu kila ninapokumbuka. Sijui kama anajua alichotufanyia. Namshukuru na mwalimu. Nawashukuru hata wale wakubwa waliokaa mbali huko wakatia saini bila kujua kwamba Kigombe kuna mwanamke asiyesikia. Na ami namshukuru pia, maana angeweza kushika uongo wake mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimeshamwandalia mdogo wangu chumba Chumbageni, endapo tungeshindwa. Nilipaka rangi, nikanunua na godoro. Kama angependa kuja kukaa kwangu, sikuwahi kumuuliza.

Sasa nikienda Kigombe nasimama mlangoni. Juzi jua lilikuwa linachoma, nikatikisa kanga mpaka bega likauma, naye yuko ndani anachagua mchele. Alikuwa ameshaniona, nilijua, maana mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nikataka kuingia nimpe maneno yake, nikajizuia. Akachagua mchele wote, punje kwa punje. Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono, akaniangalia juu mpaka chini.

Kisha akanikaribisha.