Shati Lisilonuka Sigara

Daktari wa kliniki ya bandarini alimdhulumu mume wa dobi. Aliandika kwamba kifua chake kimeharibiwa na sigara, na mzee wa watu hajawahi kuvuta hata moja. Dobi, asiyejua kusoma, akaiamini karatasi aliyosomewa kuliko pua yake mwenyewe. Miaka minne alimpekua mumewe mifukoni, ingawa mashati aliyoyafua hayakunuka tumbaku hata siku moja, ila masizi tu.

Juzi binti wa dada yake, anayepima hewa ya miji ya pwani kwa picha za setilaiti, alimwonyesha picha ya mji wao yenye doa jekundu.

“Mama mdogo, hii ni hewa chafu ya meli. Imetanda juu ya bandari na mtaa wenu mwaka mzima.”

Dobi akaenda kuketi kando ya mumewe, akamlegeza kifungo cha shingoni.

“Nisamehe, baba watoto. Nilikuonea.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Sasa usiponipekua, nani atanitekenya?”

Dobi amekwisha kuomba radhi. Daktari bado anadaiwa: aje aifute ile sentensi kwa mkono wake, mzee akiwa angali hai.