Nilivyompa Babu Kijiji Kisicho Chake

Kijiji chetu kiko kando ya mto ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Maji huchimbwa chini yake. Mwenyekiti aliponiomba niandike asili ya jina la kijiji, ipate kuandikwa kwenye ukuta wa ofisi mpya, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Niliishia darasa la saba, lakini nina kamusi mbili na daftari nililolipiga mistari mwenyewe kwa rula.

Niliorodhesha wazee kumi na mmoja kwa umri, nikaanza na mkubwa: shikamoo kwanza, swali baadaye. Wote walikuwa wanaume. Hilo sikuliona, ingawa niliandika hata aina ya viti walivyokalia. Tisa hawakujua. Wawili walisema huenda lilikuwa jina la utani la baba wa babu yangu, aliyeua simba kivukoni. Nikawaamini hao wawili. Tayari niliuona ukoo wetu ukutani, kwa rangi nyekundu.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisoma kurasa tatu. Shangazi yangu, aliyekaa chini na wanawake wenzake, akaomba nafasi, akauliza huyo simba aliuawa masika au kiangazi. Nikajibu kwamba daftari halionyeshi.

"Huyo babu yako alifika hapa kiangazi, na kiu, baba," akasema. "Aliyemchotea maji ndiye mwenye jina. Mpaka leo mto ukikauka, hachimbi mtu kabla ya watu wa nyumba ya yule bibi. Wewe maji unayokunywa hujui yanatoka wapi?"

Wanawake walicheka bila haraka. Nimeyanywa maji hayo zaidi ya miaka arobaini, na kisima sijawahi kukichungulia. Mwenyekiti akanipa wiki moja nirekebishe.

Nilikwenda mtoni na daftari. Wanawake wakaniambia anayetaka habari apange foleni kama ndoo. Zamu yangu ilipofika nikakanyaga ukingo, mchanga ukaporomoka, kisima kikafukiwa. Desturi ni kwamba aliyefukia huchimba upya. Nilichimba mpaka adhuhuri huku shangazi akisimulia na mke wangu akiandika, akivuka mistari yangu yote.

Ukutani sasa kuna sentensi nne, zote za yule bibi. Nilimwomba shangazi turuhusu ya tano, ya babu. Alifikiri, akakubali iandikwe kwamba alikunywa, akashukuru.